Stadi za Ofisi na Stadi za Kilimani: Historia ya Kuwaandaa Watumishi wa Serikali za Mitaa Nchini Rwanda kwa Mtazamo wa Kibagabaga, Kigali

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna stadi za watumishi wa serikali za mitaa nchini Rwanda zilivyopangwa na kuendelezwa tangu enzi ya ukoloni hadi sensa ya mwaka 2022. Kibagabaga, mtaa wa Kigali unaokua kwa kasi, umechukuliwa kuwa mahali pa kuitazamia historia hiyo kutoka ngazi ya chini. Hoja kuu ni kwamba Rwanda imekuwa na mikondo miwili ya kujenga stadi. Mkondo wa kwanza ni wa ofisi: una vyuo, vyeti, taasisi na bajeti. Mkondo wa pili ni wa kilimani: unawahusisha wananchi waliofunzwa kwa muda mfupi ili kutenda kazi mahususi, kama vile kuamua mashauri ya gacaca, kupima mipaka ya viwanja na kuhudumia wagonjwa vijijini. Mkondo wa pili umebeba kazi kubwa za umma, lakini mipango rasmi ya mafunzo haikuuwekea kumbukumbu. Makala yanapendekeza kwamba mipango ya mafunzo kazini ianze kwa kuhesabu kazi na watu wa ngazi ya akagari, kisha ndipo ihesabu vyeo na vyeti.

1. Utangulizi

Kibagabaga ni mojawapo ya utugari tatu za Umurenge wa Kimironko, katika Wilaya ya Gasabo, Jiji la Kigali. Nyingine mbili ni Bibare na Nyagatovu. Kwa msomaji asiyeuzoea utawala wa Rwanda, inafaa kueleza ngazi zake. Chini ya wilaya (akarere) kuna umurenge, unaokaribiana na kata ya Tanzania. Chini ya umurenge kuna akagari, na chini kabisa kuna umudugudu, yaani kijiji au mtaa mdogo unaoongozwa na mwananchi aliyechaguliwa na asiyelipwa mshahara. Akagari ndiyo ngazi ya chini kabisa yenye mtumishi wa kuajiriwa. Hapo ndipo mwananchi anapokutana na serikali iliyo na mhuri.

Tukitazama takwimu, tunaona uzito unaoiangukia ngazi hiyo. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Kigali ikiwa na watu 1,132,686. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 1,745,555, na kati yao 879,505 walikuwa wakazi wa Gasabo. Wilaya hiyo ina utugari 73. Kwa hesabu ya wastani, basi, kila akagari ya Gasabo mwaka 2022 ilibeba watu wapatao 12,000. Muundo uliojengeka baada ya mageuzi ya mwaka 2006 uliiwekea akagari watumishi wawili: Katibu Mtendaji na afisa wa maendeleo ya jamii na uchumi. Watu wawili hao hutarajiwa kusuluhisha migogoro ya majirani, kufuatilia ujenzi usio na kibali, kuhimiza bima ya afya, kuandaa taarifa za kaya maskini na kuwajibu wakuu wao wa umurenge na wilaya. Katika mtaa kama Kibagabaga, wenye hospitali inayohudumia wilaya nzima na nyumba mpya zinazopanda kilima mwaka hadi mwaka, kila moja ya kazi hizo inadai ujuzi wake.

Swali la makala haya ni la kihistoria. Je, ni nani aliyeamua, katika vipindi mbalimbali, kwamba mtumishi wa ngazi ya chini anapaswa kujua nini? Na ujuzi huo ulikusudiwa kumtumikia nani? Tunadai kwamba jibu la swali la pili limekuwa na athari kubwa kuliko la kwanza, na kwamba mshauri wa sera anayepanga mafunzo ya leo bila kulitazama swali hilo atarudia makosa ya zamani kwa majina mapya.

2. Msaidizi wa mkoloni: kutoka Kandt hadi Astrida

Kigali yenyewe ilianza kama kituo cha utawala. Richard Kandt, mwakilishi wa Ujerumani, aliianzisha mwaka 1907. Wajerumani waliitawala Rwanda kupitia ufalme uliokuwapo, na maafisa wao wachache waliwategemea askari na wakalimani ambao lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili, kama ilivyokuwa kwingineko katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Stadi iliyohitajika katika utawala wa ngazi ya chini wakati huo ilikuwa, kwa kiasi kikubwa, stadi ya kufikisha amri kutoka lugha moja hadi nyingine.

Wabelgiji walipoichukua nchi mwaka 1916, walihitaji zaidi ya wakalimani. Mageuzi yaliyohusishwa na Mkuu wa Ukazi Georges Mortehan, kati ya mwaka 1926 na 1931, yalifuta utaratibu wa kale ambamo eneo moja liliweza kuwa na machifu watatu: wa ardhi, wa malisho na wa jeshi. Mahali pao akawekwa chifu mmoja mwenye madaraka yote. Chifu huyo alitakiwa kukusanya kodi, kusimamia kazi za lazima na kutunza kumbukumbu kwa maandishi. Ili kumpata mtu wa namna hiyo, serikali ya kikoloni iliwakabidhi Mabruda wa Upendo jukumu la kuanzisha shule ya Groupe Scolaire huko Astrida, mji unaoitwa sasa Huye. Shule ilianzishwa mwaka 1929 na kuanza kufundisha mwaka 1932. Ilitoa wasaidizi wa utawala, wa tiba, wa kilimo na wa mifugo kwa ajili ya Rwanda na Burundi.

Kwa vigezo vya leo, Astrida ulikuwa mpango kamili wa kuendeleza stadi. Ulianza na muundo wa utawala, ukabainisha vyeo, ukaeleza ujuzi unaotakiwa katika kila cheo, kisha ukajenga shule ya kuutoa. Dosari yake haikuwa ya kiufundi. Ilikuwa ya kisiasa. Nafasi za kuandaliwa kwa uongozi zilitengewa kwa sehemu kubwa mno watoto wa Kitutsi, hasa wa ukoo wa machifu, katika miaka ileile ya 1930 ambapo utawala uliandika kabila la kila mtu katika kitambulisho. Hivyo mafunzo na usajili viliungana kuufanya utofauti wa kijamii uwe ukuta wa kiofisi. Mhitimu wa Astrida alijua kazi yake vizuri, lakini alimwajibikia aliyemtuma, na mwananchi wa kilimani hakuwa na njia ya kumhoji.

3. Komuni na elimu isiyokuwa kinga, 1960–1994

Komuni ziliundwa kuelekea uhuru, na uchaguzi wa kwanza wa komuni ukafanyika katikati ya mwaka 1960. Zilikuwa 229. Mwaka 1963 zilipunguzwa kuwa 141. Kila komuni iliongozwa na burugumesta, mwenye mamlaka juu ya polisi wa komuni, usajili wa raia na utoaji wa vitambulisho. Mwaka huohuo wa 1963 Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa Butare, jina jipya la Astrida, na kwa mara ya kwanza nchi ikaanza kutoa wahitimu wake yenyewe wa shahada.

Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Julai 1973, uongozi wa komuni ulifungwa zaidi kwenye mamlaka ya Rais na chama kimoja. Burugumesta akawa mteule wa juu. Ujuzi wa kiofisi uliongezeka: rejista zilijazwa, kazi za umma za kila wiki zilisimamiwa, na taarifa zilipanda kutoka akagari hadi mkoa wa wakati huo ulioitwa perefekture. Watafiti wengi wa maendeleo wa miaka ya 1980 waliihesabu Rwanda kuwa nchi yenye utawala wa mitaa uliopangika.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yanamlazimu mwanahistoria wa utumishi wa umma kuutazama upya mpangilio huo. Orodha za wakazi, vitambulisho vyenye kabila, vizuizi vya barabarani na mikutano ya vilimani vilisimamiwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa na ujuzi wa kiutawala. Mfano ulio wazi ni wa Jean-Paul Akayesu, burugumesta wa Komuni ya Taba. Kabla ya kushika wadhifa huo mwaka 1993 alikuwa mwalimu na mkaguzi wa shule. Tarehe 2 Septemba 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, ilimtia hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, ikiwa hukumu ya kwanza ya aina hiyo kutolewa na mahakama ya kimataifa baada ya kesi kusikilizwa. Akayesu hakukosa elimu. Alikosa kuwajibika kwa watu wa Taba, na watu wa Taba walikosa chombo cha kumzuia.

Funzo hili ni gumu kwa wapangaji wa mafunzo, kwa kuwa lugha ya fani yao huchukulia kwamba ujuzi ni jambo jema daima, na kwamba penye upungufu wa utendaji dawa ni kuongeza kozi. Historia ya komuni inaonyesha kwamba ujuzi ni nguvu, na nguvu hufuata mwelekeo wa uwajibikaji uliopo.

4. Ugatuzi na mkondo wa ofisi, 2000–2020

Baada ya 1994, serikali mpya ilikuta ofisi zisizo na watu. Watumishi wengi walikuwa wameuawa, wengine wamekimbilia nje, na wengine walikuwa magerezani. Nafasi zilijazwa na walionusurika, na waliobaki, na waliorejea kutoka Uganda, Burundi, Tanzania na Zaire, kila kundi likiwa na mfumo wake wa elimu na lugha yake ya ofisini.

Uchaguzi wa viongozi wa ngazi za chini ulifanyika mwaka 1999. Sera ya Taifa ya Ugatuzi ilipitishwa Mei 2000, na mwaka 2001 wilaya 106 zikachukua mahali pa komuni 154. Awamu ya pili ilikuja na sheria ya Desemba 2005 iliyoanza kutumika mwanzoni mwa 2006: mikoa ikawa minne pamoja na Jiji la Kigali, wilaya 30, imirenge 416 na utugari 2,148. Kabla ya hapo imirenge ilikuwa 1,545 na utugari zaidi ya 9,000. Kwa maneno mengine, akagari mpya ilikusanya eneo la zaidi ya nne za zamani. Ngazi iliyokuwa ikiendeshwa na kamati za wananchi wa kujitolea ikapewa mtumishi mwenye mshahara, lakini ikasogea mbali kidogo na mlango wa mwananchi.

Mageuzi haya ndiyo yaliyozaa mkondo wa kisasa wa stadi za ofisi. Katibu Mtendaji wa umurenge alitakiwa sasa kuwa na shahada ya chuo kikuu. Wa akagari alitarajiwa kuwa na elimu ya sekondari iliyokamilika. Mwaka 2006 pia ulianzisha imihigo, mikataba ya utendaji ambayo wakuu wa wilaya huitia saini mbele ya Rais, yenye malengo ya mwaka yanayopimwa kwa takwimu. Kwa upande wa mafunzo, chombo kilichoitwa HIDA kiliundwa katikati ya muongo huo ili kuratibu ujenzi wa uwezo katika sekta zote. Baadaye kilifuatwa na sekretarieti ya PSCBS, kisha NCBS, kisha bodi ya CESB. Kufikia mwanzoni mwa muongo wa 2020, majukumu ya bodi hiyo yalikuwa yamehamishiwa kwingine, hususan Wizara ya Utumishi wa Umma na Kazi na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda.

Vyombo vinne katika takriban miaka kumi na mitano ni vingi. Kila kimoja kilikuwa na sababu ya kuundwa, na kila kimoja kilirithi kazi ya kilichotangulia. Lakini mpango wa stadi ni kitu cha subira. Mtumishi anayeanza kozi leo huonyesha matunda yake baada ya miaka mitatu au minne, na tathmini ya matunda hayo humhitaji mtu anayekumbuka kwa nini kozi ilianzishwa. Pale ambapo chombo cha kupanga hubadilika kabla ya mavuno, kinachobaki kwenye kumbukumbu ni idadi ya washiriki wa semina.

Imihigo nayo iliuathiri mkondo huu kwa njia mbili. Kwa upande mmoja, iliwapa viongozi wa mitaa sababu ya kujali utendaji wa walio chini yao, na ikampa mwananchi lugha ya kudai alichoahidiwa. Kwa upande mwingine, mzunguko wa mwaka mmoja ulivuta mafunzo kuelekea malengo ya mwaka huo. Stadi zisizopimika kwa urahisi, kama vile kusikiliza pande mbili za mgogoro au kumweleza mjane haki yake ya ardhi, hazina safu yake katika jedwali la malengo, na mara nyingi huachwa zijifunze zenyewe.

5. Mkondo wa kilimani

Wakati taasisi za mkondo wa ofisi zikibadilika, kazi kubwa zaidi za umma nchini zilitekelezwa na watu ambao hawakuwamo katika orodha ya mishahara. Mifano mitatu inatosha.

Wa kwanza ni mahakama za gacaca. Oktoba 2001 wananchi waliwachagua mahakimu zaidi ya 250,000, walioitwa inyangamugayo, yaani watu waadilifu. Wengi hawakuwa wamesoma sheria, na baadhi walikuwa na elimu ndogo ya shule. Walipewa mafunzo ya siku chache mwaka 2002, majaribio yakaanza mwaka huo, na kesi zikaenea nchi nzima kuanzia 2005. Hadi mahakama hizo zilipofungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012, zilikuwa zimepitisha karibu mashauri 2,000,000. Ukosoaji dhidi yake unafahamika: haki za utetezi zilikuwa finyu, mashahidi walitishwa, na maelfu ya mahakimu waliondolewa baada ya wao wenyewe kutuhumiwa. Hata hivyo, kwa mtazamo wa historia ya stadi, robo milioni ya watu walijifunza kuendesha kikao, kuandika ushahidi, kupima kauli zinazopingana na kutoa uamuzi unaoeleweka kwa majirani zao.

Wa pili ni usajili wa ardhi. Sheria ya ardhi ya mwaka 2005 ilitaka kila kiwanja kisajiliwe. Majaribio ya 2007–2008 yalifanyika katika utugari nne, mojawapo ikiwa Nyamugali katika Umurenge wa Gatsata, ndani ya Wilaya hii hii ya Gasabo. Kazi ya taifa zima haikuweza kusubiri wapimaji wenye shahada, kwa kuwa walikuwa wachache mno. Badala yake vijana wa mahali husika walifundishwa kuwa wapimaji wasaidizi. Walitembea na picha za angani mkononi, mwenye shamba na majirani zake wakionyesha mpaka, na mpaka ukachorwa juu ya picha mbele ya wote. Kamati za akagari zilisikiliza madai. Katika miaka michache viwanja zaidi ya 10,000,000 viliwekewa mipaka, na majina ya wanawake waliofunga ndoa halali yakaandikwa pamoja na ya waume zao.

Wa tatu ni wahudumu wa afya ya jamii, mpango ulioanza mwaka 1995 na uliokuja kuwa na wahudumu wapatao 45,000 waliochaguliwa na imidugudu yao. Wao hupima malaria kwa watoto, hufuatilia wajawazito na kuwaelekeza wagonjwa kwenye vituo vya afya, ambavyo navyo huwapeleka wenye shida kubwa katika hospitali kama ile ya Kibagabaga.

Mifano hii ina sifa zinazofanana. Kazi ilibainishwa kwanza, na mafunzo yakafuata kazi. Aliyefunzwa alichaguliwa au kufahamika na watu atakaowahudumia. Utendaji wake ulionekana hadharani: hakimu aliketi mbele ya kijiji, mpimaji alichora mbele ya majirani. Uwajibikaji ambao Astrida na komuni viliukosa ulikuwamo, japo kwa kasoro zake, ndani ya namna yenyewe ya kufanya kazi.

Tofauti kati ya mifano hii mitatu nayo inafundisha. Wahudumu wa afya walidumu kwa sababu walipewa muundo wa kudumu, usimamizi wa vituo vya afya na ushirika wa kuwaletea kipato. Mahakimu na wapimaji wasaidizi walirudi makwao kazi ilipokwisha. Gacaca ilipofungwa, migogoro ya majirani haikufungwa nayo. Na ardhi iliendelea kuuzwa, kurithiwa na kugawanywa baada ya hati kutolewa, ilhali wale waliojua kuisoma picha ya angani na kuwaeleza wananchi umuhimu wa kusajili mabadiliko hawakuwa tena na nafasi. Katika mji unaopanuka, hilo ni jambo zito: rejista isiyofuata mauzo ya kiwanja hugeuka polepole kuwa kumbukumbu ya wamiliki wa zamani. Waswahili husema ujuzi hauzeeki. Ni kweli kwa mwenye ujuzi. Kwa ofisi isiyouandika mahali, ujuzi husahaulika upesi.

6. Lugha kama stadi ya kazi

Stadi moja hupita katika vipindi vyote hivi bila kutajwa vya kutosha, nayo ni lugha. Kinyarwanda ndicho kilichomfikia mwananchi daima. Lugha ya majalada ndiyo iliyobadilika. Baada ya Kiswahili cha enzi ya Wajerumani kilikuja Kifaransa cha Astrida na cha komuni. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na mwaka uliofuata serikali ikaamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Mwaka 2017 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne.

Kwa mtumishi aliyesoma kwa Kifaransa na kuajiriwa kabla ya 2008, mabadiliko haya yalimaanisha kwamba sehemu ya umahiri wake ilipungua thamani pasipo yeye kusahau chochote. Kwa mwananchi mzaliwa wa Goma au Bujumbura anayeishi Kigali, kumpata afisa wa akagari anayeweza kumweleza jambo kwa Kiswahili ni huduma yenyewe, si pambo. Sheria ya 2017 ilikipa Kiswahili hadhi. Hadhi hiyo itakuwa na maana ofisini pale Kiswahili kitakapoingizwa katika mipango ya mafunzo ya watumishi pamoja na saa za kufundisha, vitabu vya istilahi za utawala na namna ya kupima. Hapa wataalamu wa Kiswahili wa kanda hii wana kazi ambayo hakuna chombo cha utumishi kitakachoifanya kwa niaba yao.

7. Mlinganisho wa kikanda

Njia ya Rwanda hubainika zaidi ikilinganishwa na za wengine. Tanzania ilichagua chuo. Shule ya Serikali za Mitaa iliyoanzishwa Mzumbe mwaka 1953, ikiwafundisha machifu na makarani wa mamlaka za wenyeji, ilikua hatimaye kuwa Chuo Kikuu cha Mzumbe, na mwaka 1994 Chuo cha Serikali za Mitaa kilianzishwa Hombolo, Dodoma. Kenya nayo iliitoa taasisi yake katika Shule ya Jeanes ya Kabete ya mwaka 1925, iliyokuwa Taasisi ya Utawala mwaka 1961 na Chuo cha Serikali cha Kenya mwaka 2012, kwa wakati kuzihudumia kaunti 47 zilizoanza kazi 2013. Faida ya chuo ni kumbukumbu: walimu hubaki hata mawaziri wakibadilika.

Afrika Kusini ilichagua ushuru. Kwa sheria za 1998 na 1999, mwajiri hulipa asilimia 1 ya jumla ya mishahara kwa ajili ya kuendeleza stadi, na hurudishiwa sehemu yake akiwasilisha mpango wa stadi wa mahali pa kazi na taarifa ya mafunzo ya mwaka. Manispaa nazo zimo katika utaratibu huo. Faida yake ni kwamba mpango huandikwa kila mwaka na kila ofisi, wala hautegemei hisani ya mfadhili. Lakini kwa kuwa msingi wake ni mishahara, macho yake huangalia kwanza waliomo katika orodha ya mishahara. Utaratibu kama huo ukihamishiwa Kibagabaga bila marekebisho, ungewaona watumishi wawili na usiwaone wahudumu wa afya, viongozi wa imidugudu na wasuluhishi wa abunzi ambao bila wao ofisi ya akagari isingeweza kufanya kazi hata kwa wiki moja.

8. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inatoa mambo manne kwa mtafiti na mshauri wa sera.

Kwanza, mpango wa stadi uanze na kazi zinazofanyika katika akagari, ziorodheshwe jinsi zilivyo, kisha ndipo iulizwe ni nani anayezifanya na anahitaji kujua nini. Astrida ilianza na vyeo vya utawala, na hata mageuzi ya 2006 yalianza na ramani na vyeo. Usajili wa ardhi ulianza na kazi, na ulifika pale ulipokusudiwa kufika.

Pili, pawepo rejista ya stadi za wananchi waliofunzwa na umma katika kila akagari. Aliyekuwa hakimu, mpimaji msaidizi au karani wa sensa ni hazina iliyokwisha kulipiwa na walipa kodi.

Tatu, idadi ya watumishi na mafunzo yao ifuate idadi ya watu. Kati ya 2012 na 2022 Kigali iliongeza zaidi ya wakazi 600,000. Sheria ya mwaka 2019 iliziondolea wilaya za Kigali hadhi ya kisheria na kuziweka chini ya Jiji moja. Hiyo ni nafasi ya kupanga stadi za watumishi wa mji mzima kwa pamoja, ili akagari yenye watu wengi isihesabiwe sawa na yenye wachache.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, mafunzo yoyote ya mtumishi wa mitaa yaambatane na njia ya mwananchi kumhoji mtumishi huyo. Taba ilikuwa na kiongozi aliyesoma. Ujuzi wa kuandika orodha ya wakazi ni uleule, iwe orodha ni ya kugawa bima ya afya au ya kuwatafuta wa kuuawa. Kinachotenganisha matumizi hayo mawili ni kwa nani mwandishi wa orodha atatoa hesabu, na iwapo walioandikwa wana nafasi ya kusema hapana. Mpango wa mafunzo usioliuliza swali hilo haujakamilika, hata kama bajeti yake imetumika yote na vyeti vimetolewa kwa wakati.